Mtoto hasikii: utii unaikuzaje imani, na kwa nini siyo bei ya wokovu

Mama zetu wana sentensi moja wanaisema kila siku, "huyu mtoto hasikii". Masikio mtoto anayo mazima kabisa, muuza aiskrimu akiwa bado mtaa wa tatu yeye kashamsikia, akiitwa kula anafika kabla jina lake halijaisha kutamkwa, sasa hasikii nini? Kila mtu anaelewa, hasikii maana yake hafanyi anachoambiwa. Na yule asiyesikia la mkuu akavunjika guu hakuwa kiziwi. Kwenye Kiswahili cha nyumbani mtu aliyeambiwa akaelewa vizuri alafu hakufanya, tunahesabu kwamba hajasikia.

Nimeanzia huku maana kuna fundo moja Wakristo wengi tunazeeka nalo halijafunguliwa. Tunafundishwa mtu anaokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, Waefeso 2:8-9 tunaijua kwa kichwa. Jumapili inayofuata tunaambiwa tutii, tuzishike amri, tutafute utakatifu ambao hapana mtu atakayemwona Bwana asipokuwa nao. Sasa mtu anakaa kwenye benchi anajiuliza kimoyomoyo, kama nimeokolewa bure utii ni wa nini tena? Na kama utii ni lazima, hiyo bure ni bure gani? Hathubutu kuuliza maana ataonekana mchanga, kwa hiyo anachagua upande. Kuna wanaoenda upande wa neema mpaka ukiwagusia dhambi wanasema unawarudisha kwenye torati. Na kuna wanaoenda upande wa orodha, usivae hiki, usisuke kile, usikae na fulani, na wanajipima kila jioni kama mtu anayefunga hesabu za duka. Mimi nimekaa kote kuwili na naweza kukwambia kote kuwili imani inadumaa, ila kwa sababu tofauti.

Turudi kwenye kusikia kidogo. Kiebrania cha Agano la Kale kinafanya kama Kiswahili cha mama zetu, neno ni moja, shama, likisema sikia limeshasema na tii humo humo, ndo maana "Sikiza, Ee Israeli" ya Kumbukumbu la Torati 6:4 haikuwa tangazo la kusikilizwa tu watu wakatawanyika. Kigiriki cha Agano Jipya nacho neno lake la kutii limejengwa juu ya neno la kusikia, kama vile kusema kusikia ukiwa umejiweka chini ya anayesema. Alafu Paulo anaandika Warumi 10:17 kwamba chanzo cha imani ni kusikia. Weka hivyo vitu viwili pamoja uone. Kama imani inakuja kwa kusikia, na kusikia kusiko na kufanya siyo kusikia, basi mtu anayekusanya mahubiri kwenye simu mpaka memori imejaa na hajafanya hata moja, imani yake inakula nini?

Ila hapo bado sijafungua fundo, nimelionyesha tu. Ngoja tuingie kwa Ibrahimu, maana ugomvi wote huu unaishia kwake.

Paulo kwenye Warumi 4 anataka kuthibitisha kwamba mtu anahesabiwa haki kwa imani bila matendo, anachukua Mwanzo 15:6, Ibrahimu alimwamini Mungu ikahesabiwa kwake kuwa haki. Yakobo kwenye sura ya pili anataka kuthibitisha kwamba imani isiyo na matendo imekufa, na yeye anachukua nini? Mwanzo 15:6, mstari ule ule! Watu wakiona hivyo wanasema hawa wawili wanapingana, na Martin Luther mwenyewe mwaka 1522 alipoandika utangulizi wa Agano Jipya lake la Kijerumani aliuita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu. Mimi namheshimu sana Luther ila hapa naona alikuwa na hasira za vita yake ya kupinga wokovu wa matendo.

Angalia kalenda. Ibrahimu anatoka Harani ana miaka 75, Mwanzo 12:4. Ahadi ya nyota na ule mstari wa kuhesabiwa haki vipo sura ya 15. Sura ya 16 yeye na mkewe wanachoka kusubiri wanamtumia Hajiri, Ishmaeli anazaliwa Ibrahimu ana miaka 86. Alafu sura ya 17 inaanza, Ibrahimu ana miaka 99. Kati ya mstari wa mwisho wa sura ya 16 na wa kwanza wa sura ya 17 kuna miaka 13 na Biblia haijaandika chochote ndani yake, wala sauti wala ndoto. Isaka anazaliwa baba yake ana miaka 100. Ile safari ya mlima Moria kwenye sura ya 22 inakuja baadaye kabisa, Isaka keshakuwa kijana wa kuweza kubeba kuni za sadaka mgongoni anapanda nazo mlima.

Sasa Paulo anasimama sura ya 15 anauliza, huyu mtu alikubaliwa na Mungu lini? Jibu, siku alipoamini, hata kutahiriwa alikuwa bado hajatahiriwa. Yakobo yeye amesimama sura ya 22 anaangalia nyuma anauliza swali lingine, ile imani ya siku ile ilifika wapi? Na anajibu kwa neno ambalo ndo ufunguo wa makala hii yote, kwamba imani ile ilikamilishwa kwa njia ya matendo yale, Yakobo 2:22. Ilikamilishwa. Kitu kinachokamilishwa lazima kilikuwepo tayari. Mtoto anazaliwa siku moja, ni mwanao siku hiyo hiyo, hamna mtu anasema subiri atembee ndo tumwandike jina. Ila mtoto huyo akifika miaka minne hajatembea hata hatua moja utampeleka hospitali, siyo kwa sababu umeanza kutilia shaka kama ni wako, ni kwa sababu unajua kuna kitu hakipo sawa.

Kwa hiyo wawili hawa hawapigani. Mmoja anaongelea mlango mwingine anaongelea njia iliyoanzia mlangoni.

Na mpangilio huu Mungu hakuubuni kwenye Agano Jipya. Chukua amri kumi. Watu wengi wakizitaja wanaanzia "usiwe na miungu mingine", lakini Kutoka 20 haianzi hivyo, inaanza na "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri". Waisraeli walivuka bahari kwanza, Farao akazama, wakafika Sinai mwezi wa tatu, hapo ndo wakapewa sheria. Mungu hakuwafuata Misri akiwa na vibao viwili vya mawe akawaambia zishikeni hizi mwaka mmoja nikiridhika nitawatoa. Hata Zakayo ni vile vile, Yesu anajialika nyumbani kwake akiwa bado mwizi, anapokelewa, na ni baada ya hapo jamaa anasimama anasema niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Hakulipa ili apate mgeni. Mgeni alikuwa keshaingia.

Ukilishika hilo, yule mtu wa orodha anapumua. Ila yule mtu wa neema tupu bado hajaguswa, anaweza kusema vizuri, nimeshavuka bahari, sasa niache nikae ufukweni. Na huyu ndo swali lake zuri zaidi, kwamba utii unaongeza nini kwenye imani ambacho kuamini peke yake hakuleti?

Jibu langu ni kwamba kuna vitu vya Mungu huwezi kuvijua ukiwa umekaa. Yohana 7:17 Yesu anawaambia wale Wayahudi wa Yerusalemu waliokuwa wanahoji kasomea wapi, mtu akipenda kuyatenda mapenzi yake atajua habari ya yale mafunzo kama yatoka kwa Mungu. Sisi tungependa iwe kinyume, nionyeshe kwanza nijue alafu nitatenda. Yeye anasema anza kutenda utajua. Hili siyo jambo la ajabu la dini peke yake, hata baiskeli, unaweza kusomewa kila kitu kuhusu baiskeli ukiwa kwenye mkeka na bado hujui baiskeli. Ibrahimu pale Moria alipofika juu na kisu mkononi akaona kondoo dume amenaswa pembe kwenye kichaka, akapaita mahali pale Yehova-yire, BWANA atapata. Hilo jina hakulijua Harani. Hakulijua hata siku ya nyota. Alikuwa ametembea na Mungu miaka na miaka na bado kulikuwa na jina hajalisikia, na lilikuwa juu ya ule mlima, na njia ya kufika huko ilikuwa ni kuamka alfajiri kutandika punda.

Sehemu ya pili ya jibu ipo Waebrania 5:14, chakula kigumu ni cha watu wazima ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya. Zimezoezwa. Kwa kutumiwa. Mwandishi haongelei watu wenye vyeti vya chuo cha Biblia, anaongelea kitu kama ulimi wa mpishi, ambao unajua chumvi imezidi kabla hajafikiria. Ulimi ule umefundishwa na masufuria mengi.

Hapa inabidi niwasimulie habari ya simenti, naona aibu ila acha tu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa napiga plasta chumba cha nyuma. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikalipia mifuko 10 ya simenti, kijana wa kupakia akawa anahesabu huku simu ipo sikioni anacheka na mtu, guta likaondoka, kufika saiti nahesabu ipo 12. Nikahesabu tena. Fundi akaniangalia, nami nikamwangalia, nikamwambia shusha. Bei ya wakati ule mfuko ulikuwa 14,500 kwa hiyo mzigo mzima wa dhambi yangu ulikuwa 29,000. Nikajiambia duka kubwa lile hawatajua hata, na kwanza wao ndo wamekosea, na kwanza juzi wameniuzia misumari mibovu. Ukuta ukapigwa plasta ukapendeza kweli.

Shida ni kwamba kile chumba ndo chumba ninachoombea. Miezi saba nimekaa nimeutazama ule ukuta. Wakati huo huo nilikuwa nalalamika kwa wapendwa kwamba nasikia ukavu, Biblia nikifungua ni kama nasoma risiti, nikaenda semina, nikafunga siku tatu, nikabadilisha muda wa maombi kutoka saa nne usiku kwenda saa kumi alfajiri nikiona labda ni usingizi. Mnamkumbuka Sauli 1 Samweli 15? Kaambiwa aangamize kila kitu cha Amaleki, anarudi anamwambia Samweli kwa furaha kabisa kwamba nimeitimiza amri ya BWANA, na Samweli anamuuliza, maana yake nini basi huku kulia kwa kondoo masikioni mwangu? Sauli alikuwa ametii karibu yote. Na zile alizobakiza alikuwa na sababu ya kiroho, eti za kutolea sadaka, ndo akajibiwa kutii ni bora kuliko dhabihu, na kusikia kuliko mafuta ya beberu. Mimi kondoo wangu walikuwa ukuta, na mfungo wangu wa siku tatu ulikuwa ni mafuta ya beberu.

Siku niliyoenda kulipa sikuwa na ujasiri wowote, nilipita mbele ya duka mara mbili. Mwenye duka ni mzee mmoja miwani yake mkono mmoja umefungwa kwa uzi. Nikamwambia shikamoo mzee, akaitika marahaba huku anaandika, nikamweleza yote, mifuko miwili, miezi saba, nimeokoka nimeona siyo sawa, nikaweka 29,000 juu ya kaunta. Nilitegemea nini sijui, labda alie, labda aseme dini yako ni ya kweli. Akazichukua, akazihesabu, akafungua daftari akaandika, akaniangalia juu ya miwani. "Na misumari hutaki?"

Basi. Hamna malaika. Mpaka leo nikinunua kitu pale mzee anakuja kuhesabu mwenyewe.

Ila wiki kama mbili baadaye nilikuwa najaza fomu ya posho ya safari ya kazini, siku tatu nilizosafiri ambazo kwa mazoea ya ofisi nzima zinaandikwa nne, na mkono ukasita wenyewe. Sikuhubiriwa, sikuomba, sikusikia sauti. Zamani fomu kama ile nilikuwa najaza huku natafuna karanga. Hapo ndo nilielewa Waebrania 5:14 inasema nini, ile 29,000 ilikuwa imefundisha kitu ndani yangu ambacho semina ilishindwa, na sasa nilikuwa nasikia kitu ambacho kilikuwa kinasemwa siku zote. Na Biblia? Ilirudi, polepole, siyo siku ile.

Huku kwetu Afrika Mashariki tuna mfano mkubwa kuliko wa simenti na nashangaa vijana wengi wa makanisa ya sasa hawaujui. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, mmisionari wa Gahini huko Rwanda, akiwa amechoka mwili na roho alikutana na Mganda anaitwa Simeoni Nsibambi kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, wakakaa wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Kutoka kwenye urafiki ule na kazi ya Gahini, ambako Blasio Kigozi mdogo wake Nsibambi alienda kufundisha, ulitokea uamsho ambao miaka ya 1930 ulisambaa Rwanda, Uganda, Burundi, Tanganyika mpaka Kenya. Waganda wakawaita Balokole, yaani waliookolewa, na mwanzoni halikuwa jina la sifa.

Kinachonivutia ni kwamba wengi wao walikuwa Wakristo tayari, wamebatizwa, wana majina ya Biblia, wengine walimu wa dini na wanakwaya. Hawakukosa mafundisho. Walichoanza kufanya ni kutembea nuruni, wamelitoa 1 Yohana 1:7, yaani mtu anasimama anataja dhambi yake kwa jina, na asubuhi anaenda kurudisha alichoiba, kwa mwajiri, kwa jirani, kwa misheni. Festo Kivengere, yule aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi na kabla ya hapo akafundisha shule Dodoma kwetu hapa, alipookoka alipanda baiskeli akaenda mwendo mrefu kumwomba msamaha mzungu mmoja aliyekuwa anamchukia, na hapo ni enzi za ukoloni, Mwafrika anaenda kumwambia mzungu nilikuchukia nisamehe, unaweza kufikiria baiskeli ile ilikuwa nzito kiasi gani. Josiah Kibira wa Bukoba naye ni tunda la uamsho huo huo, mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Alafu ikaja miaka ya 1950 Kenya. Hali ya hatari imetangazwa 1952, ndugu wa uamsho kwenye maeneo ya Wakikuyu wanatakiwa kula kiapo cha Mau Mau, wale waliokuwa wanapigana na mkoloni, na wengi wakakataa, hoja yao ikiwa kwamba aliyekwisha kunywa damu ya Kristo mezani pa Bwana hawezi kunywa kiapo cha damu nyingine. Na wengi wao hao hao wakakataa na bunduki walizopewa na serikali ya mkoloni wajilinde. Kuna waliouawa. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu siasa ya wakati ule, na mimi ninayo, ila jiulize ule uthabiti ulitoka wapi, maana hautoki usiku mmoja watu wakiwa wamezingira nyumba. Ulikuwa umetengenezwa kwa miaka kadhaa ya kurudisha majembe na kuombana msamaha, vitu ambavyo mtu wa pembeni alikuwa anaviona vya kitoto.

Nisiwasifie kupita kiasi, miaka ya baadaye nao walipata ule ugonjwa wa orodha, kuna makundi yaligawanyika yakishindana nani kalegea. Utii ukishaanza kutumika kupimia mwenzako unakuwa umeshakufa, umebaki na nguo zake tu.

Na kuna hatari nyingine mbaya zaidi ya hiyo, lazima niisemee maana siku hizi ukitaja neno utii kanisani watu wanasikia "mtii mtumishi". Mwaka 2023 kwenye msitu wa Shakahola kule Kilifi ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi ni watu waliofunga kula mpaka kufa, na watoto wao, wakiamini wanaenda kukutana na Yesu. Walikuwa watiifu. Utii wao ulikuwa mkubwa kuliko wangu mara mia, tatizo ni kwamba waliutii mdomo wa mtu. Soma 1 Wafalme 13 ukiwa na muda, ni sura haihubiriwi sana, mtu wa Mungu kutoka Yuda kaambiwa na Mungu usile mkate wala usinywe maji huko Betheli, anamkatalia hata mfalme Yeroboamu, alafu anakuja nabii mzee anamwambia na mimi ni nabii kama wewe, malaika kaniambia nikurudishe ule, na Biblia inaweka wazi kabisa kwamba alimdanganya. Akarudi akala. Njiani simba akamuua. Huwa najiuliza kwa nini simba kamkuta yeye na siyo yule mzee mwongo, na sina jibu, ila naelewa kwamba neno alilokuwa nalo mwenyewe kutoka kwa Mungu hakutakiwa kulibadilisha na la mtu, hata mtu mwenye mvi na cheo. Watu wa Beroya kwenye Matendo 17 walimchunguza mpaka Paulo kwa Maandiko, wakasifiwa. Kama mtumishi wako hataki uchunguze, hiyo siyo shule ya utii.

Kingine, haraka haraka. Utii siyo bima. Kumbukumbu la Torati 28 inasomwa siku hizi kama menyu, tii upate gari. Askofu mkuu Janani Luwum wa Uganda aliokoka kwenye uamsho ule ule mwaka 1948, akatii mpaka akaenda kumwambia Idi Amin ukweli, na Februari 1977 akauawa. Kivengere mwezi huo huo alitoroka na mkewe kwa miguu kupitia milimani kuingia Rwanda. Na utii unaoendelea haimaanishi utii usioanguka, Ibrahimu yule yule wa Moria alidanganya kuhusu mkewe mara mbili, sura ya 12 Misri na sura ya 20 Gerari, uongo ule ule kabisa miaka zaidi ya ishirini imepita! Mtu anayekua siyo yule ambaye haanguki, ni yule ambaye akianguka hakai miezi saba kama mimi, na mwakani akianguka atakaa siku mbili. Na nguvu yenyewe siyo yake, Wafilipi 2:12-13 inasema utimizeni wokovu wenu kwa kuogopa na kutetemeka, alafu pumzi hiyo hiyo inaongeza kwamba ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu. Hata ile hamu ya kupita mbele ya duka mara mbili haikuwa yangu.

Limebaki swali ambalo watu huwa wananiuliza mwishoni, sasa nitajuaje Mungu anataka nitii nini? Wanaouliza hivyo wengi wana kitu kimoja kichwani, nimuoe nani, nichukue kazi ipi, nijenge wapi. Ni maswali halali. Lakini tafuta kwenye Biblia sehemu ambazo imeandikwa waziwazi kwamba haya ndiyo mapenzi ya Mungu, utakuta 1 Wathesalonike 4:3, mwepukane na uasherati, na 5:18, shukuruni kwa kila jambo. Vitu ambavyo tayari tunavijua. Mara nyingi ukimya tunaolalamikia ni wa mtu aliyetuma meseji anasubiri ijibiwe kabla hajatuma nyingine.

Kwenye jumuiya yetu kuna kijana aliwahi kuuliza swali hilo, amepata kazi mbili, moja Mwanza moja hapa hapa, ameomba wiki tatu hajasikia kitu. Tuna mzee mmoja huwa anasinzia nusu ya kipindi, siku hiyo akafumbua macho.

"Kijana wangu, mama yako umeongea naye lini?"

Kijana akanyamaza. Sote tulikuwa tunajua kidogo kwamba yeye na mama yake hawaongei tangu msiba wa baba yake, kuna habari za kiwanja.

"Tangu mwaka jana, mzee."

"Simu unayo?"

"Ninayo."

"Salio?"

"Lipo."

Mzee akafumba tena macho. Kijana akakaa kama dakika mbili anaangalia ndara zake, alafu akatoka nje. Tulimsikia kibarazani anasema "shikamoo mama", alafu kimya kirefu, alafu sauti ikashuka hatukusikia tena. Akarudi baada ya robo saa hivi, macho mekundu, akachukua Biblia yake akauliza tumefika mstari wa ngapi.